Karantini na Hesabu ya Siku Zake

Mgeni rasmi, walimu wangu, na nyinyi vijana mnaosomea ukalimani na afya ya jamii, asalaam aleikum. Wakubwa zangu mliopo, shikamooni.

Niliombwa nichague neno moja la Kiingereza cha rasmi, nieleze maana yake na lilikotoka. Nimechagua quarantine, ambalo kwetu limeshapata uraia na kuitwa karantini. Mwenye mamlaka akilitamka neno hili, mlango wa mtu hufungwa, biashara yake husimama, na watoto wake hubaki upande wa pili. Mkalimani anayekaa kati ya daktari na mtu huyo anapaswa kujua neno limebeba nini. Ninalotaka kulisema leo ni kwamba ndani ya karantini kuna hesabu ya siku. Hesabu hiyo ndiyo roho ya neno lenyewe, na ilipoondolewa, watu waliumia.

Tuanze na namba. Kwa Kitaliano arobaini ni quaranta. Watu wa Venice, mji wa bandari wa Italia, waliziita siku arobaini quarantena, na Waingereza wakapata kutoka huko maana ya neno lao inayohusu magonjwa. Hapa pwani arobaini haihitaji kutambulishwa. Mzazi hukaa ndani arobaini, akikandwa na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Marehemu husomewa arobaini yake. Hata mwizi tumempangia siku zake. Gharika ya Nuhu, Musa mlimani, Yesu nyikani, kote huko tunakutana na siku arobaini. Upo mlima karibu na Yeriko ambao Wakristo wa zamani waliamini ndipo Yesu alipofunga. Wakati wa Vita vya Msalaba uliitwa kwa Kilatini Quarantena, na Waarabu wa hapo wanauita Jabal Quruntul mpaka leo. Kwa hiyo namba hii ilifika bandarini ikiwa tayari na heshima ya dini. Matabibu waliofuata mapokeo ya Hippocrates, tabibu wa kale wa Ugiriki, nao waliamini kwamba ugonjwa mkali hujidhihirisha kabla siku ya arobaini haijapita.

Lakini kwa Waingereza neno hili lilikuwa na maana nyingine kabla ya ile ya magonjwa, na maana hiyo ndiyo inayonigusa zaidi.

Mwaka 1215 Mfalme John wa Uingereza alibanwa na makabaila wake akatia muhuri hati iitwayo Magna Carta. Kifungu cha 7 cha hati hiyo kinampa mjane haki ya kubaki katika nyumba ya marehemu mumewe kwa siku arobaini, na kinataka fungu lake la mali liwe limetengwa kabla siku hizo hazijaisha. Hati ilipotolewa upya mwaka 1217 iliongezwa kwamba katika muda huo apate pia matumizi yake ya lazima. Wanasheria wa Kiingereza walizoea kuziita siku hizo quarantine ya mjane. Msizichanganye na eda ya mjane wa Kiislamu, ambayo ni miezi minne na siku kumi na ina misingi yake mingine kabisa. Hii ilikuwa sheria ya makao na riziki. Sote tumewahi kusikia habari za mjane anayetolewa vyombo nje kabla matanga hayajaanuliwa, mashemeji wakigombania mabati na ng'ombe. Walioandika kifungu kile walimjua mjane wa namna hiyo. Wakasema: asiguswe, alishwe, na siku zihesabiwe.

Basi kabla neno hili halijawa la kumzuia mtu asiingie mjini, Waingereza walikuwa nalo kama neno la kumzuia mtu asifukuzwe nyumbani. Naomba mlikumbuke hilo tunapoelekea kwenye tauni.

Tauni kuu iliingia Messina, kisiwani Sicily, Oktoba 1347, kwa meli zilizotoka Bahari Nyeusi. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya watu wa Ulaya walikuwa wamekufa, na ugonjwa ukawa unarudi mara kwa mara. Miji ilijaribu kila njia. Mwaka 1374 Bernabò Visconti, mtawala wa Milan, aliamuru kwamba katika mji wa Reggio kila mwenye tauni atolewe nje hadi mashambani, afe au apone huko huko. Ukatili wa amri ile ulikuwa wazi. Mgonjwa hakutajiwa siku, wala chakula.

Miaka mitatu baadaye, ng'ambo ya bahari, kulikuwa na jamhuri ndogo ya wafanyabiashara iliyoitwa Ragusa. Leo mji huo unaitwa Dubrovnik, nchini Kroatia. Ragusa ilikula na kunywa kwa bandari yake. Ikifunga lango, inakufa njaa. Ikiacha lango wazi, inakufa tauni. Tarehe 27 Julai 1377 baraza lake likapitisha sheria: yeyote anayetoka mahali penye tauni, mwenyeji au mgeni, asiingie mjini mpaka awe amekaa mwezi mmoja katika kisiwa kidogo cha Mrkan au katika mji wa Cavtat. Ni siku thelathini, na ndiyo maana zamani iliitwa trentino, kutokana na thelathini ya Kitaliano. Arobaini ilikuja baadaye, miji ilipoona afadhali kuongeza muda.

Sisi Waislamu tunalijua agizo la Mtume juu ya tauni: ikiwa katika nchi msiiingie, na ikiwakuta humo msitoke kwa kuikimbia. Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari za tauni, alirudi na watu wake. Wazo la kutosafirisha ugonjwa ni la kale kuliko Ragusa. Walichoongeza wale wafanyabiashara ni kalenda. Walimwambia msafiri: hukufukuzwa, umengojeshwa, na siku yako ya kuingia tunaijua sisi na unaijua wewe. Watu wengi hudhani karantini ilibuniwa ili kufunga mlango. Ukiisoma sheria ya 1377 utaona ilibuniwa na watu waliotaka mlango wao uendelee kufunguka.

Venice ikaipanua kazi hiyo. Mwaka 1423 ilianzisha hospitali ya wagonjwa wa tauni katika kisiwa chenye kanisa la Santa Maria di Nazareth. Jina Nazareth, likichanganyika na la Lazaro wa Injili, likazaa neno lazzaretto. Mwaka 1468 kikaongezwa kisiwa cha pili, kwa watu ambao hawakuwa wagonjwa lakini walitoka penye ugonjwa. Wanafunzi wa afya, hapo ndipo pa kuweka alama. Visiwa viwili kwa watu wa aina mbili. Mgonjwa hutengwa ili atibiwe asiambukize. Mzima aliyekaribia ugonjwa huwekwa karantini ili ajulikane kama ugonjwa umemwingia au la. Wa kwanza hutoka akipona, na siku hiyo haijulikani mapema. Wa pili hutoka siku zikitimia. Taarifa nyingi za Kiswahili nilizozisoma mwaka 2020 ziliwaita wote wawili "waliowekwa karantini", na matokeo yake mtu mzima aliyerudi safari akaonekana mtaani kama mgonjwa.

Uingereza ilichelewa. Samuel Pepys, ofisa wa mambo ya jeshi la majini, aliandika katika shajara yake tarehe 26 Novemba 1663 kwamba tauni inazidi Amsterdam, na kwamba meli kutoka huko na Hamburg zitalazimishwa kukaa quarantine ya siku thelathini, jambo ambalo anasema halijawahi kufanyika kwao. Pepys akaona kasoro: siku thelathini zinaitwaje arobaini? Akajijibu kwamba kwa matumizi ya watu neno hili sasa linataja kitendo, halitaji tena muda. Ninampenda mtu huyu kwa kusimama na kulitazama neno likigeuka mbele ya macho yake. Alilolieleza ni jambo la kawaida katika lugha. Hata hivyo, naona ndiyo siku ambayo hasara ilianza. Neno likishasahau namba yake, mwenye mamlaka naye anaweza kuisahau.

Nieleze mifano miwili kutoka zama hizo, mmoja wa wanyonge na mmoja wa wakubwa.

Kijiji cha Eyam, katika jimbo la Derbyshire, kiliingiwa na tauni mwaka 1665, inasemekana kwa furushi la nguo lililotoka London kwa fundi cherehani. Katikati ya mwaka 1666 mchungaji William Mompesson, akisaidiana na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwaomba wanakijiji wasitoke ili vijiji jirani visalimike. Wakakubali. Mtawala wa eneo lile, aliyeishi katika kasri ya Chatsworth, akakubali kuwapelekea mahitaji. Chakula kiliachwa kwenye mawe ya mpakani, na sarafu za malipo zikalowekwa kwenye siki. Kwa hesabu iliyozoeleka walikufa watu 260, pamoja na Catherine, mke wa mchungaji. Sitaki kuipamba habari hii. Ni habari ya vifo. Lakini tazameni makubaliano yao. Waliombwa, wakaelezwa, wakalishwa.

Sasa Marseille, bandari ya Ufaransa. Tarehe 25 Mei 1720 meli Grand-Saint-Antoine ilifika kutoka Sham ikiwa na shehena ya pamba na hariri. Njiani walikuwa wamekufa mabaharia kadhaa, na tabibu wa meli mwenyewe. Marseille ilikuwa na utaratibu wa karantini uliosifika katika bahari yote ya Mediterania. Lakini maonyesho ya biashara ya Beaucaire yalikuwa yanakaribia, shehena ilikuwa na thamani kubwa, na mmoja wa wenye mali hiyo alikuwa Jean-Baptiste Estelle, kiongozi wa juu katika utawala wa mji. Sheria ikalegezwa. Badala ya meli kupelekwa na mali yake kwenye kisiwa cha mbali, bidhaa ziliruhusiwa kushushwa kwenye majengo ya karantini karibu na mji. Wapagazi waliozifungua mizigo wakaanza kufa, halafu mitaa. Nusu hivi ya wakazi wa mji, watu wapatao 50,000, walikufa, na karibu idadi kama hiyo katika jimbo zima la Provence. Nahodha akatiwa gerezani.

Hakuna aliyejua wakati ule kwamba tauni hubebwa na viroboto wa panya. Bakteria yake iligunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, na kazi ya kiroboto ikaonyeshwa na Paul-Louis Simond mwaka 1898. Mtu aliyeambukizwa tauni huumwa ndani ya siku chache tu, kwa hiyo arobaini zilikuwa nyingi kupita haja. Miji ile ilikuwa ikihesabu gizani. Lakini ilihesabu, na mara nyingi ilisaidia.

Huku kwetu, kipindupindu kilichoingia Unguja mwaka 1869 kiliua maelfu ya watu, na daktari James Christie, Mskochi aliyekuwa akitibu hapa, alikiandikia kitabu kizima akifuatilia njia zake kutoka Uarabuni hadi bara na visiwani. Mwishoni mwa karne ile, katika kisiwa cha Changuu, yalijengwa majengo ya jela kwa amri ya Lloyd Mathews, waziri wa kwanza katika serikali ya Sultani. Jela haikutumika kama jela. Changuu ikawa kituo cha karantini kwa wasafiri waliokuja kwa meli. Watalii wanapelekwa huko kila siku kuona kobe na kuambiwa habari za jela, na neno karantini hulipata mwishoni kama nyongeza. Ningetamani waongozaji wetu waanze nalo. Historia ya afya ya visiwa hivi iko pale, na majengo yale yanaonyesha jinsi ilivyo rahisi nyumba moja kuitwa jela leo na karantini kesho.

Mahujaji nao walikuwa na Kamaran, kisiwa cha Bahari ya Shamu ambako kuanzia mwaka 1882 dola ya Uthmaniya iliwasimamisha waliokuwa wakielekea Makka kutoka India na pande za kusini. Walikaa siku kadhaa juani, na walitozwa ada kwa kukaa huko. Tayari swali la nani analipa limeingia.

Wafugaji wa bara wanalijua neno hili kuliko wengi wetu wa mjini. Katika Kenya ya ukoloni, karantini za homa ya mapafu ya ng'ombe ziliwazuia Wamasai kuuza mifugo yao nje ya eneo walilotengewa kwa vipindi virefu, huku walowezi wakiuza yao. Ugonjwa ulikuwapo kweli. Lakini karantini isiyo na mwisho unaojulikana, na inayomnufaisha jirani, mfugaji alijua kuisoma.

Mwaka 1900 San Francisco ilizungushia kamba mtaa wa Wachina kwa hofu ya tauni. Kamba ilizunguka nyumba za Wachina na kuziruka za Wazungu. Mahakama ikaivunja mwaka huo huo kwa sababu ya ubaguzi huo.

Na sasa Mary Mallon. Alikuwa mpishi, mhamiaji kutoka Ireland, akifanya kazi katika majumba ya matajiri New York. Yeye hakuwa na dalili za ugonjwa, lakini alibeba vijidudu vya homa ya matumbo, na waliokula chakula chake waliugua. Mwaka 1907 alichukuliwa kwa nguvu akapelekwa kwenye kisiwa cha North Brother. Mwaka 1910 akaachiwa kwa sharti asipike tena. Hakuna aliyempa kazi nyingine ya kumlisha kama ile. Mwaka 1915 akakutwa akipika katika hospitali ya wazazi kwa jina la bandia, na watu 25 wakiwa wameugua. Akarudishwa kisiwani, na hakutoka tena mpaka alipofariki Novemba 1938. Ni miaka 23, baada ya ile ya kwanza. Wabebaji wengine wengi waliogunduliwa katika mji ule waliachwa majumbani mwao. Simtetei kwa kurudi jikoni, wapo waliokufa. Ninachosema ni kwamba lugha haina ruhusa ya kuiita miaka ile karantini. Ilikuwa kifungo cha maisha kilichotolewa na idara ya afya, kwa mwanamke maskini asiye na jamaa wa kumsemea.

Wanasiasa nao waliligundua neno. Tarehe 22 Oktoba 1962 Rais Kennedy wa Marekani alipotangaza kwamba manowari zitazuia silaha kufika Kuba, alitumia quarantine. Neno lililostahili kwa kitendo kile lilikuwa la kuzingira bandari, lakini hilo katika sheria ya kimataifa ni tendo la vita. Akachagua neno lenye harufu ya hospitali. Mkiwa wakalimani mtakutana na mambo ya namna hii, na mtatakiwa mjue kwa nini neno moja limepita na jingine limeachwa.

Agosti 2014, Monrovia, mji mkuu wa Liberia, mtaa wa West Point ulifungwa kwa ajili ya Ebola. Watu waliamka asubuhi wakakuta askari na seng'enge. Zilitajwa siku 21, ambazo kwa Ebola ni hesabu sahihi ya kitabibu, lakini chakula kilipanda bei mara moja na watu hawakuelezwa. Vurugu zikatokea, mvulana mmoja akafa kwa risasi, na serikali ikaifuta amri ile baada ya siku kumi. Namba peke yake haitoshi, basi. Mjane wa Magna Carta alipewa siku na riziki pamoja.

Kenya mwaka 2020, wasafiri waliorudi nyumbani waliambiwa wakae siku 14 katika hoteli na mabweni kwa gharama zao wenyewe. Wengine, siku zilipotimia, waliongezewa 14 nyingine kwa sababu jirani wa chumba cha pili amepatikana na virusi. Kisha waliokamatwa wakivunja kafyu nao wakapelekwa humo humo. Katika wiki chache neno la afya likawa jina la adhabu, na watu wakaanza kuogopa kupimwa. Sidhani kuna somo la ukalimani lililo wazi kuliko hili: mtu anayehofia neno atauficha ugonjwa.

Kwa hiyo nawaachia kazi. Daktari akisema mbele yako kwamba fulani awekwe karantini, usilihamishe neno likiwa tupu. Muulize ni siku ngapi, zinahesabiwa kuanzia lini, na katika muda huo nani anamlisha yeye na waliobaki nyumbani. Ziweke siku ndani ya sentensi yako: karantini ya siku 14, tangu jana, mpaka tarehe fulani. Kama anayezungumziwa ni mgonjwa, sema anatengwa ili atibiwe, usiseme karantini. Kama daktari hana idadi, mwambie mgonjwa na jamaa zake hivyo hivyo, kwamba muda haujapangwa, nao wana haki ya kudai upangwe. Na ukiandika tangazo la mtaani, tarehe ya mwisho iandike kwa herufi kubwa kuliko jina la ugonjwa. Nakaribisha maswali, nikianza na nyinyi wa afya, maana kwenye kuhesabu siku za kila ugonjwa nyinyi ndio wenye elimu.